Msumeno Unaokwenda Kushoto

3 Machi

Mvua imeanza, na mimi nimeanza daftari. Nilifundisha useremala chuoni miaka ishirini na sita, na kila mwaka niliwaambia wanafunzi: andikeni mnachofanya, kichwa ni kopo lenye tundu. Mwenyewe sikuwahi kuandika hata mstari. Sasa wamenistaafisha, karakana ya chuo wameigeuza ukumbi wa mikutano, na nina muda wa kufuata ushauri wangu.

Mashine imefika jana ndani ya boksi. Ni msumeno wa mkanda: magurudumu mawili, moja juu, jingine chini, na mkanda wa chuma wenye meno unazunguka kati yao ukipita kwenye tundu la meza. Ule wa chuo ulikuwa na kimo cha mlango. Huu unanifika kiunoni. Kwenye boksi kuna picha ya mwanamume anayetabasamu, anapasua mbao akiwa amevaa shati jeupe. Hapo tu ningepaswa kujua nimenunua kitu cha aina gani. Lakini ndio niliouweza, na mchagua jembe si mkulima.

Kazi ni hii. Hakimu mstaafu wa mtaa wa juu anataka kabati la vitabu lenye milango miwili. Mbao za milango zitoke kwenye kipande kimoja, kipasuliwe katikati kwa unene wake na kufunguliwa kama kitabu, ili mistari ya mti upande huu ijitazame na ile ya upande wa pili. Ninavyo vipande viwili vya mvule nilivyovikausha darini miaka tisa. Kimoja ni cha kazi, kingine ni cha bahati mbaya. Mvule kama ule haupatikani tena.

Hakimu alisema kwa upole wake ule wa mahakamani kwamba nikishindwa kabla ya mwisho wa mwezi wa tano, atampa Kinoo. Kinoo nilimfundisha mimi. Jina hilo nilimpa mimi pia, kwa sababu kila nilipompa kazi alikaa ananoa patasi. Leo ana karakana yenye mashine sita na bango la rangi.

Hii ndiyo kazi ya kwanza niliyopewa tangu nitoke chuoni. Nikiikosa, nitakuwa mzee anayekaa nyumbani.

5 Machi

Chumba cha nyuma tunagawana na mama watoto. Yeye ni mshonaji, amekaa dirishani na cherehani yake tangu tuhamie nyumba hii. Nimemwomba ahamie upande wa ukutani, maana mashine inataka mwanga.

"Na sindano haitaki mwanga?" akauliza.

"Sindano ndogo, mama watoto. Kidole kikikatwa na sindano hakidondoki."

Akabeba kiti chake. Cherehani nimeibeba mimi, au nusu yake. Nusu nyingine ameibeba yeye.

6 Machi

Jaribio la kwanza, kwenye ubao laini wa boksi.

Naandika njia ili nisije kuambiwa sikuifuata. Kila mkanda una tabia yake, ukiuachia unapenda kwenda upande fulani. Fundi anaitafuta tabia hiyo kwa mkono mtupu: anachora mstari wa penseli, anasukuma ubao bila kuuegemeza popote, anaufuata mstari. Akifika katikati anazima, anatazama ubao umekaa kwa pembe gani mezani. Kisha lile egemeo, yaani ubao mrefu wa pembeni unaoongoza kazi, analifunga kwa pembe hiyohiyo. Mkono ndio kipimo. Hivyo ndivyo nilivyofundisha, na hakuna aliyewahi kunisahihisha.

Mkanda umekwenda kushoto. Siyo kidogo.

7 Machi

Kushoto.

9 Machi

Nimetupa mkanda wa kiwandani. Ni bati limechongwa meno. Nimeweka mpya, mpana zaidi, meno machache makubwa, chuma cha kweli. Umeingia kwa shida kwa sababu bolti ya kukazia imetengenezwa na mtu asiye na vidole. Mama watoto aliacha kushona akaja kunishikia gurudumu la juu.

"Huyu mke mwenzangu anavaa shanga za meno," akasema.

Tangu leo mashine inaitwa mke mwenza. Hata binti yetu, alipopiga simu, ameuliza hali ya mama mdogo.

10 Machi

Mkanda mpya. Kushoto. Nimelegeza egemeo na kulipinda zaidi.

14 Machi

Ugomvi. Mlango ulikuwa umefungwa kwa mvua, mimi napasua, vumbi la mbao likatua kwenye gauni jeupe la mteja lililokuwa limetundikwa tayari kuchukuliwa. Mama watoto hakupiga kelele. Alilitoa nje barazani, akalikung'uta, akalirudisha, likawa bado na rangi ya uji.

"Nitalifua," akasema. "Halafu nitamwambia mteja nini? Kwamba mume wangu anajifunza kazi?"

Anajifunza kazi. Miaka ishirini na sita. Sikula chakula cha jioni, na yeye hakuniuliza kwa nini.

17 Machi

Nimetengeneza njia ya vumbi. Nimetoboa kifuniko cha gurudumu la chini, nikachomeka bomba la maji machafu, bomba likaingia kwenye ndoo yenye kifuniko, na ndoo ikaungwa na mashine ya kufyonza vumbi. Unga wote unaanguka ndani ya ndoo. Ni kazi nzuri, hata boksi la shati jeupe halina kitu kama hicho. Nilimwita aone.

"Vizuri," akasema, uzi ukiwa mdomoni.

21 Machi

Mvua kutwa. Umeme hakuna.

24 Machi

Nimebandua mipira ya magurudumu. Mkanda unakaa juu ya mpira, na mpira ukiwa na mabonde mkanda unayumba. Ya kiwandani ilikuwa imevimba kama mkate ulioloa. Nimebandika mipya kwa gundi, nikaizungusha taratibu huku nimeigusisha msasa, mpaka ikawa na mgongo kidogo katikati, kama inavyotakiwa. Kazi ya siku nzima, na nimedondosha spana mara tatu. Baridi.

Kinoo amekuja nikiwa sakafuni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

Alizunguka mashine, akagusa bomba langu, akacheka kwa furaha. "Mwalimu, hii ndoo nitaiiba!" Kisha akasema kilichomleta. Amesikia habari za mvule. Mashine yake kubwa iko wazi Jumapili, nilete kipande, tupasue pamoja, robo saa kwisha habari. Hakuna mtu atakayejua.

Hakuna mtu atakayejua! Yaani kuna la kuficha. Nikamwambia mvule wangu hauna shida ya usafiri. Akasimama pale mlangoni na mwavuli wake, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, akaniaga kwa heshima zote. Heshima za aina ile ni matusi yaliyopigwa pasi.

30 Machi

Mipira imekauka. Nimejaribu. Kushoto.

2 Aprili

Springi. Ile inayokaza mkanda ilikuwa laini kama ya kalamu. Nimeweka nyingine nzito niliyochongewa na fundi wa magari. Sasa mkanda ukiupiga kidole unalia. Nimelipinda egemeo tena, na kwa mbali linaonekana limekaa kombo, lakini ndivyo mkanda unavyotaka.

3 Aprili

Kushoto.

8 Aprili

Vile vipande viwili vya chuma vinavyobana mkanda usiyumbe nimeving'oa. Nimefunga beringi ndogo, mbili juu ya meza, mbili chini, na moja nyuma kila upande. Nilizipanga kwa kipande cha karatasi katikati, ili zisiuguse mkanda mpaka kazi ianze. Nati ni ndogo, zilinitoroka vidoleni. Mama watoto aliziokota chini ya cherehani, akaja akazifunga mwenyewe, haraka, kana kwamba ni vifungo vya shati.

"Taratibu, utaharibu nyuzi zake," nikamwambia.

"Nyuzi ndiyo kazi yangu," akasema.

9 Aprili

Kushoto. Vipande vya majaribio vimejaa pembeni mpaka magotini. Vyote vina mstari wa penseli ulionyooka, na vyote vina njia ya msumeno inayoukimbia.

15 Aprili

Nimefunga miguu ya mashine kwenye fremu ya mbao nzito, na mfuko wa mchanga chini. Nikaiwasha, nikasimamisha sarafu kwa ubavu mezani. Sarafu ilisimama, mashine inanguruma na sarafu imetulia. Mafundi wenye mashine kubwa wangelipa kiingilio kuona. Nilikuwa peke yangu, mama watoto ameenda kununua zipu.

Kwa hiyo haiyumbi, haitetemeki, imekazwa, imebanwa, imevishwa mpira mpya na meno mapya. Na ubao ukiingia, inakwenda kushoto. Nimeanza kuamini mashine za bei ya chini zinazaliwa na roho mbaya.

20 Aprili

Nimevunja kikombe. Mama watoto ameokota vigae, akautazama mkono wangu wa kushoto, akafungua mdomo.

"Mpini ulikuwa na mafuta," nikasema.

Akaufunga.

27 Aprili

Nimeharibu kipande cha kwanza cha mvule.

Hakimu alipita asubuhi, akasimama mlangoni na viatu vyake vya mvua. Hakuuliza chochote, alisema tu kwamba vitabu viko sakafuni na unyevu unapanda. Alipoondoka nikasema leo ni leo. Nikapima mara tatu. Nikalitazama egemeo langu lililopinda, nililolipima kwa mkono wangu tangu mwezi wa tatu, nikalikaza. Nikashusha mvule kutoka darini. Ulinukia ulipopanguswa vumbi, na rangi yake ilikuwa ya asali ya zamani.

Robo ya kwanza iliingia vizuri. Kisha nikasikia sauti ikibadilika, mkanda ukaanza kulalamika, nikanusa moshi. Ningezima pale. Nimewaambia wanafunzi mia ngapi sijui: sauti ikibadilika, zima. Sikuzima. Nilisukuma, kwa sababu kuzima kungekuwa kukubali. Mkanda ukapinda tumbo ndani ya mti mahali nisipopaona, na karibu na mwisho meno yakachungulia kwenye uso wa ubao, ubavuni, yanang'aa.

Nikabaki na vipande viwili. Kimoja kina tumbo, kingine kina tundu.

Mama watoto alisimamisha cherehani. Hakuja. Nadhani alijua kwamba akija nitasema neno la kuvunja nyumba. Nililisema hata hivyo, kutoka pale nilipokuwa. Nilimwambia kelele za cherehani yake zinanipoteza akili, kwamba kazi ya kukaa na kazi ya kusimama haziwezi kufanywa chumba kimoja. Akaifunika cherehani kwa kitambaa chake cha maua, akaenda jikoni. Gauni la watu likabaki na mkono mmoja.

Miaka tisa juu ya dari. Nililia, na siandiki hilo ili nihurumiwe.

28 Aprili

Sina la kuandika.

3 Mei

Kinoo tena. Ameleta mkanda kutoka kwake, wa ukubwa wa mashine yangu, ameuunga mwenyewe. Ningeukataa lakini mikono ya mtu anayekataa inatakiwa iwe na kitu kingine cha kushika.

Tukaufunga. Akaomba nikate ubao laini yeye akitazama. Hakutazama mkanda. Alisimama nyuma yangu, akanitazama mimi, mabega na mikono. Kushoto.

"Mwalimu, umebadilisha mkanda," akasema.

"Mara mbili na wako."

"Na mipira. Na springi. Na beringi. Miguu pia."

"Nimebadilisha kila kitu."

Akakaa kimya. Alikuwa mtoto wa kukaa kimya hivyohivyo mbele ya ubao wa kuandikia, anajua jibu na anaogopa kunyoosha mkono. "Kila kitu, mwalimu? Ambacho hakijabadilika ni kipi?"

Nilimwambia ambacho hakijabadilika ni yeye, kwamba bado ananoa badala ya kufanya kazi. Akauchukua mwavuli wake. Barazani nilimsikia akiagana na mama watoto, na sauti yao ilikuwa ya chini, ya watu wanaozungumza nje ya chumba cha mgonjwa.

9 Mei

Niandike leo kabla sijaanza kujidanganya.

Mvua ilikuwa nyembamba. Nilikuwa nimeketi juu ya kigoda mbele ya mashine, sijaiwasha. Kipande cha pili cha mvule kiko mezani, sina ujasiri wa kukigusa. Mama watoto akaacha cherehani, akaja akasimama karibu na egemeo.

"Hiki kibao kwa nini kimekaa upande?"

"Kinafuata mkanda. Huwezi kuelewa."

"Kinyooshe."

"Mama watoto—"

"Kinyooshe, baba watoto. Mimi nakuomba."

Nikachukua skwea yangu ya kupimia pembe, nikalinyoosha egemeo sambamba na ukingo wa meza, kwa hasira, ili aone mwenyewe na tumalize. Kisha akasema niliondoe kwanza, anataka kujaribu bila kuegemea. Nikachora mstari kwenye ubao laini. Nikamwonyesha mahali vidole visipopita. Nikawasha.

Hakuwahi kugusa mashine ile ikiwa inazunguka. Aliweka viganja viwili juu ya ubao, vimelala, kama anavyolaza kitambaa. Hakusukuma. Aliupeleka. Mstari uliingia kwenye meno na ukaendelea kuingia, mpaka ubao ukawa mbili na penseli imegawanyika nusu huku, nusu kule.

"Bahati," nikasema.

Akafanya wa pili. Akafanya wa tatu. Niliona macho yake: hayakuwa kwenye meno, yalikuwa mbele ya meno, kama upana wa kidole hivi.

"Miaka thelathini na moja napeleka vitambaa," akasema. "Ukitazama sindano unashona kombo. Unatazama unakokwenda."

Tukarudisha egemeo, limenyooka. Akapasua ubao kwa unene wake. Nikapima mwanzo, katikati, mwisho. Nikapima tena. Unene mmoja.

"Mke mwenzangu hana kosa," akasema.

Nikazima mashine. Akanyoosha mikono yake miwili, vidole viwili viwili, kama anavyofanya kwa mjukuu. "Nibane."

"Acha michezo."

"Nibane, vidole vyote."

Nikabana.

"Na huu wa kushoto."

"Nimebana."

"Bana."

"Nimebana, mama watoto!"

"Bado hujabana," akasema, na macho yake yakajaa maji.

Mwaka mzima ananifunga vifungo vya shati na mimi naona ni mapenzi. Anakata nyama yangu kabla ya kuileta mezani. Alidhani najua na kwamba naficha, na kwamba ni heshima kunisaidia kuficha. Na mimi sikujua. Nyani haoni kundule. Mkono wa kulia ulisukuma, wa kushoto haukusukuma, ubao ukageuka, na nikaandika kushoto, kushoto, kushoto, kana kwamba nimeletewa habari za mtu mwingine. Kisha nikachukua ubovu wa mkono wangu nikaufungia bolti kwenye egemeo. Mashine ilikuwa nzima pengine tangu mwezi wa tatu. Fundi mwingine yeyote angeegemeza kwa skwea na kumaliza. Mimi nilikuwa na kipimo bora, mkono wangu.

Nilitaka kumshukuru. Ninavyojijua, nilimchukia kwanza.

12 Mei

Zahanati. Daktari amenichoma sindano vidoleni, akauliza nasikia wapi. Amesema ni neva zinazotoka shingoni. Akasema ningekuja mapema. Wote wanasema hivyo, hata mafundi wa paa.

13 Mei

Nimemwomba apasue mvule. Alikuwa anapinda upindo, hakuinua kichwa.

"Nina nguo za watu."

"Zimebaki siku kumi na nane."

"Mpelekee Kinoo. Ni mwanao yule, ungemsikia alivyosikitika pale barazani."

Akaifikisha sindano mwisho wa upindo, akakata uzi kwa meno.

"Nitapasua," akasema. "Mambo mawili. Cherehani yangu irudi dirishani. Na Hakimu akija, umwambie nani amekata."

"Nitamwambia."

"Kwa mdomo wako."

"Nimesema nitamwambia. Unataka niape?"

La kwanza nimelifanya leo hiihii. Mashine iko ukutani, taa nimeining'iniza juu yake.

16 Mei

Amepasua. Ilichukua muda wa kuchemsha chai. Nilisimama upande wa pili kupokea, na sikutoa maagizo ila moja, na hilo pia halikuhitajika. Sauti haikubadilika mwanzo hadi mwisho. Tulipofungua vile vipande viwili kama kitabu, mistari ikakutana katikati, na mafundo mawili ya mti yakatazamana kama macho. Mama watoto alipitisha kiganja juu yake, akasema mti una upande wa nje na wa ndani kama kitambaa. Sijawahi kumsikia mwanafunzi akisema hivyo siku ya kwanza, wala ya mia.

Kwa muda mfupi tulikuwa na furaha. Naandika ili iwepo mahali.

22 Mei

Fremu, droo, gundi. Mimi nachora na kupanga, yeye anashika na kukaza. Hatugombani.

27 Mei

Hakimu amekuja kuchukua kabati, na watu wawili wa kubeba.

Alifungua mlango, akaufunga, akaufungua. Akaenda dirishani kuliona kwenye mwanga, pale penye cherehani, na mama watoto akasogeza kiti chake kumpisha. Hakimu akavua miwani.

"Mzee wangu," akasema, "nikuambie ukweli. Watu walinionya. Walisema umekwisha, nisipoteze muda. Mimi nikasema, mkono ule haujazeeka. Na ona!"

Akaushika mkono wangu. Wa kushoto. Akautikisa mbele ya wale wabebaji.

Maneno nilikuwa nayo tayari. Nilikuwa nimeyapanga tangu asubuhi, mafupi, mke wangu ndiye aliyekata, mheshimiwa. Yalikuwa mdomoni. Lakini hakuna aliyeniambia neno kama lile tangu walipofunga karakana, na likapita kooni tamu, nikataka libaki kidogo kabla sijalitoa.

"Ahsante, mheshimiwa," nikasema. "Ni mazoea tu."

Cherehani ilikuwa imesimama. Nilisikia ikianza tena, taratibu, kisha kwa kasi yake ya kawaida. Hakimu alimwambia wakati wa kutoka, "Mama, una bahati ya mume." Akaitika, "Ndiyo, mheshimiwa."

28 Mei

Amepika, tumekula. Ameniambia chumvi iko wapi.

30 Mei

Nilianza kusema habari ya Hakimu na kabati. Akaniuliza kama nimekunywa dawa ya daktari.

4 Juni

Mvua imekatika. Rafiki wa Hakimu amekuja na ubao wake wa mninga, anataka mlango wa aina ileile, upasuliwe, ufunguliwe kama kitabu. Ameomba mkono uleule. Nilipokea kazi nikiwa nimesimama barazani, na nikarudi ndani nikiwa na ubao begani, bega la kulia.

Niliuweka kwenye meza ya mashine. Nikachora mstari, nikanyoosha egemeo kwa skwea, nikawasha taa. Kisha nikamgeukia mama watoto dirishani.

"Nipe dakika kumi tu," nikasema. "Huu mwembamba, hautakuchosha."

Aliendelea mpaka mwisho wa mshono. Akaigeuza nguo, akaikagua kwa ndani, akaridhika nayo.

"Hakimu kasema mkono wako haujazeeka," akasema, bila ukali wowote. "Mimi ni nani nimbishie hakimu?"

Akavuta kitambaa kingine. Nimesubiri nikiamini anatania, na ametania mambo mengi katika miaka yetu, lakini sindano imeendelea kupanda na kushuka. Ubao wa watu uko mezani na mashine haijawashwa.